Kocha Mkuu na Lawama Zake

Jumamosi, nikiwa kwa kinyozi hapa Columbus, nilimsikia kocha mkuu wa timu ya chuo akisema kwenye televisheni kwamba anabeba lawama zote za kipigo, na kwamba kwa hiyo amemfukuza msaidizi wake.

Kiongozi wa kwaya yetu ya Wakongomani, kichwa nusu kimenyolewa, akafurahi. “Bon, kesho na mimi natoa mwalimu wa soprano. Alituaibisha kule Louisville tulipoimba.”

Mwalimu huyo alikuwa benchini na mwanawe. “Maestro, ule wimbo nani alichagua?”

“Ni mimi.”

“Na kuuanzisha kwa sauti ya juu vile?”

Akajishika koo. “Ni mimi. Lakini soprano ni yako, mama.”

Jumapili kanisani mama yule aliketi na waumini, si na kwaya. Wakubwa hawa wanabeba lawama kweli, ila wanazitua mlangoni kwa msaidizi.