Wafu wa Upande wa Baba

Mnisamehe, wasomaji, kwa mwandiko huu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na vidole vikivimba naandika polepole sana.

Vidole vilinianza utotoni. Mifupa iliuma, macho yakawa ya njano. Kwenye zahanati ya chini ya mlima wakasema ni baridi yabisi, nikachomwa sindano mpaka kukaa kukawa taabu. Kisha zahanati ikaletewa mganga mgeni, akauliza jambo lililotutia shaka: katika ukoo wetu, nani alikufa mdogo kwa maumivu kama yangu?

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo aliyejibu ni mjomba. Baba alibaki nje kwenye benchi.

"Ndugu mganga, wafu wetu unawatakia nini?" mjomba alisema. "Juzi mlihesabu kaya, jana mkasema tuhamie bondeni. Leo makaburi. Nayo yatahamia kijiji cha ujamaa?"

"Mzee, nataka kumtibu mtoto."

"Basi andika: kwetu hakuna."

Akaandika. Nikachomwa tena.

Hata mimi sikumwamini mganga yule. Lakini tukipanda mlima, baba aligeuka mara kwa mara kunitazama macho. Nilimwuliza kwa woga kama anajua kitu.

"Watoto wa shangazi yako," akasema. "Wote walikufa wadogo. Macho hivyo hivyo."

"Mbona hukusema, baba?"

"Aliuliza ukoo. Mimi ni ukoo wako?"

Mjomba alipokwenda Dumila kuuza maharage, tulishuka tena, na baba akasema. Mganga akatupeleka Morogoro mjini kupima damu. Sindano zikakoma. Nikapewa vidonge vya damu na vya malaria, nikaambiwa ninywe maji mengi na nikwepe baridi.

"Ugonjwa huu wa damu hurithiwa pande zote mbili, kwa baba na kwa mama," daktari wa huko alisema, "hata wazazi wakiwa wazima."

Mjomba alipoambiwa alicheka. "Shemeji, mzigo wako huo. Usitugawie."

Nikimwuliza habari za ndugu zake waliokufa wadogo, huniuliza nimetumwa na nani. Sijui kama anaficha au hajui kweli. Na sasa mtoto wa mama mdogo amevimba vidole, macho yamegeuka njano, na mjomba ameshajibu zahanati: kwetu hakuna. Anachomwa sindano zilezile.

Kama nyumbani kwenu wajomba waliwahi kukubali kusema, niandikieni mliwaanzaje. Andikeni upesi, mwandiko wowote nitausoma.