Aliyetugongea Misa ya Kwanza

Usiponiamini si neno, lakini usiniambie nilikuwa naota. Ndoto haiachi jiwe mlangoni kwa watu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Murara, mtaa wa Goma, katika nyumba ya mbao aliyoniachia mama.

Mama alitoka Butembo akiwa ameolewa karibuni, akafiwa na mume mapema, akanilea kwa kuuza sombe, majani ya muhogo, sokoni. Lakini ukiuliza mtaani alikuwa nani, hawatakuambia habari za sombe. Watakuambia ndiye aliyeliamsha shirika letu, yaani sisi majirani tunaosali pamoja. Kila Jumapili kabla hakujapambazuka alipita nyumba kwa nyumba akigonga mbao kwa kipande cha jiwe la volkano. "Tumusifu Yesu Kristu." Haondoki mpaka mtu ajibu, "Milele na milele." Risasi zilie usiku kucha, asubuhi yeye anagonga. Wengine walimnung'unikia, na haohao ndio waliolia zaidi siku ya mazishi. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya rafiki yake, Mama Kavira. Hapo aliliacha jiwe mlangoni, wakaenda misa pamoja, akalichukua akirudi.

Mimi hakunigongea. Mimi alinikamata kidole gumba cha mguu, akakivuta kwa mkono wa baridi, maana alikuwa ameshanawa. Nami tangu utotoni hadi nilipoota ndevu nilikuwa na jibu moja tu: "Mama, niache kidogo."

Tulimzika na kitenge chake cha wamama wa parokia. Jiwe nikaliweka dirishani. Hakuna aliyegonga tena, na misa ya kwanza ikawa inatupita, mimi na majirani. Nilimkosa mno. Nilikuwa nanunua sombe nisiyojua kuipika vizuri, ili tu nyumba inukie kama zamani.

Basi Jumapili moja, giza bado, nikasikia kidole kimekamatwa. Baridi ileile. Kikavutwa. Unadhani niliogopa? Hata kidogo. Nilivuta mguu, nikageukia ukutani, nikasema, "Mama, niache kidogo."

Kidole kikaachiliwa. Ndipo nilipokumbuka kwamba mama yangu amekufa.

Niliruka kitandani. Nje mbao zilikuwa zinagongwa kwa jirani, kisha kwa yule anayefuata. Nikatoka pekupeku juu ya mawe yetu makali, nikamwona mbele yangu: kitenge kile, na bega moja limeinama kwa miaka ya kubeba mizigo. Nilimwita. Hakugeuka. Alikata kona ya kwa Mama Kavira, na nilipofika pale njia ilikuwa tupu.

Nikaenda kanisani hivyohivyo, miguu inatoka damu, nikitumaini kumkuta kwenye benchi lake. Nilitaka kuuona uso wake tu, mara moja, basi.

Nafasi yake ilikuwa wazi. Lakini shirika lote lilikuwa limekaa pale, watu ambao hawakuonekana misa ya kwanza tangu mazishi. Tulipotoka, Mama Kavira akanishika mkono.

"Aksanti, mutoto wangu. Umefanya muzuri kushika kazi ya mama yako."

"Kazi gani, Mama?"

"Si ni weye njo umetugongea? Jiwe uliliacha pa mulango yangu." Akalifungua kutoka kwenye pindo la kitenge chake.

Nililichukua lile jiwe la mama na kulitazama. Jana yake lilikuwa dirishani kwangu.

"Mama Kavira, mimi sikugonga."

Aliitazama miguu yangu yenye damu. "Njo maana ile sauti ilinitoa machozi," akasema.

Tangu siku hiyo nagonga mimi. Wananinung'unikia, nami siondoki mpaka wajibu.

Wewe unayenisikiliza, kama mama yako bado anakuamsha, amka mara ya kwanza anapokuita. Na kama ulishamzika, kisha alfajiri moja ukasikia mguu wako umeshikwa, tafadhali usiuvute, wala usiseme neno. Fungua macho kwanza. Mimi hadi leo nalala miguu ikiwa nje ya blanketi, hata mvua inyeshe, na baridi ya Goma unaijua. Hajanishika tena.