Swali la Tatu

Mkono wangu wa kulia una vidole vitatu. Nalisema mapema ili mtu asikae akisubiri kulijua. Kidole cha mwisho na cha pete viliishia kwenye rola ya kupigia pasi, chumba cha kufulia cha hospitali, saa nne na dakika kumi asubuhi. Nina hasira. Wengi wamenikumbusha kwamba hasira hasara. Hasara ninayo tayari, basi niachieni na hasira yake.

Lakini habari hii si ya vidole vyangu. Ni ya mwanamke tuliyemwita Kipaza.

Alipewa jina hilo kabla sijaajiriwa, na mimi nina miaka kumi na tisa pale. Chumba chetu kiko chini kabisa ya jengo. Ukitazama dirishani unaona viatu vya wapita njia, huoni uso wa mtu. Mna mashine nne za kufulia, vikaushio viwili, na hiyo rola, yaani pasi kubwa yenye mapipa ya moto yanayozunguka: mnalisha shuka mbichi upande mmoja, inatokea kavu upande wa pili. Zote zikinguruma, mtu anaweza kupiga chafya begani mwako usimsikie. Sauti moja tu ilipenya. Kipaza akisema "Mkono!" kutoka mlangoni, kila mkono ulirudi kwa mwenyewe kabla hajauliza ni nani anayeambiwa. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeungua zaidi ya lengelenge, na hatukushukuru mashine kwa hilo.

Sisi wengine tulizungumza wakati wa kukunja. Shuka hukunjwa na watu wawili. Mnasimama mbali, kila mmoja na pembe zake mbili, mnaivuta, mnaikunja kwa urefu, halafu mnasogeleana kukutanisha pembe. Hapo tu, nyuso zikikaribiana, neno husikika. Maneno matano au sita, kisha mnaachana. Tuliyaita maneno ya pembe. Ndoa ya binti yangu nilimsimulia Kipaza kwa shuka mia moja na tisini, na nilipofika kwenye ugomvi wa wakwe kengele ya chai ikalia, tukamalizia kesho yake. Kwa hiyo wanaotaka kutufundisha kupima maneno waje kwa adabu. Sisi tuliyapima kwa kazi.

Walikuja. Ofisi ilituletea semina ya mawasiliano. Mwezeshaji alikuwa muuguzi mstaafu, mama mpole, ana kengele ndogo ya shaba na bango. Alituambia kwamba aliyokuja nayo yametoka kwenye mafundisho ya Buddha kuhusu kauli njema, kwamba neno linaweza kuvunja nyumba na linaweza kuijenga, na kwamba kabla hujalitoa uvute pumzi ujiulize maswali manne. Ni la kweli? Lina faida? Ni la upole? Huu ndio wakati wake? Akagonga kengele, tukavuta pumzi, harufu ya sabuni ikatuingia mpaka utosini.

Watu hudhani Kipaza aliyacheka. Hakuyacheka. Ndiye aliyeyashika kuliko sote, na aliyashika kwa sababu nyumba yake ilikuwa imevunjwa na neno. Miaka miwili mwanawe na mkwe wake hawakukanyaga kwake. Alikuwa amemwambia mkwe, mbele ya wageni, "Huyo mtoto unambeba kama ndoo." Wageni walicheka, mkwe akachukua mtoto wake na mkoba wake. Wiki moja baada ya semina tulikuwa tunakunja, pembe zikakutana.

"Jana nimempigia simu mkwe wangu," alisema.

Tukaachana, tukavuta, tukarudi.

"Nilivuta pumzi tatu kwanza."

Shuka nyingine.

"Nikamwambia nilikosea, mwanangu, nisamehe."

"Akasemaje?"

Ilibidi nisubiri shuka nzima kulipata jibu.

"Alilia. Wanakuja Jumapili."

Akajifuta pua kwa mkono wa sare, akaniambia nikunje, nisimkodolee macho. Kwa hiyo mimi sitasema mafundisho yale ni mabaya. Niliyaona yakimrudishia mtu mjukuu.

Msimamizi wetu aliyapenda pia, ila kwa sababu zake. Rola ina kizuizi cha vidole, fimbo iliyolala mbele ya mapipa: mkono ukiigusa, mashine inasimama. Springi yake ilikuwa imekatika. Kwa miezi kumi na moja kizuizi kile kilikaa kimefungwa kwa tambara la shuka kuukuu ili kisiisimamishe mashine ovyo, na kila Jumatatu Kipaza alipanda ofisini kukisema. Kabla ya semina alijibiwa kwamba fundi anakuja. Baada ya semina alijibiwa vingine.

"Dada," msimamizi alimwambia siku moja mbele yetu, kichwa kimelala upande kama anayembembeleza mtoto, "hebu vuta pumzi. Hilo neno unalolisema, ni la upole?"

"Ni la springi," Kipaza alisema.

Tulicheka. Msimamizi hakucheka. Tuliomba springi tukapewa pumzi, na pumzi haigharimu ofisi kitu. Funika kombe mwanaharamu apite, ndiyo kazi aliyoijua. Wiki ile ile likatundikwa sanduku chini ya lile bango la maswali, lililoachwa ukutani, na fomu kando yake. Ukikwazwa na kauli ya mwenzako, unaweka alama kwenye swali alilolivunja, unaandika mstari mmoja, unatumbukiza. Jina lako huandiki. Fomu tatu kwa mtu mmoja na kazi imekwisha. Kipaza alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi minne kustaafu.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuparuka.

Asubuhi moja nililisha kwenye rola shuka yenye doa la damu. Kosa hilo hufanywa na mtu mwenye usingizi. Ukishalipiga pasi, doa halitoki tena, shuka imekufa. Wauguzi wawili walikuwa mlangoni wakisubiri foronya. Kipaza aliliona kutoka upande wa pili wa chumba. "Unampigia pasi damu ya mgonjwa! Macho hayo umeyaazima wapi?" Wauguzi wakacheka hadi wakashikana mabega. Mimi nikaungua kwa aibu. Saa ya chai nilichukua fomu. Swali la kwanza sikuweza kulitia alama, maana alisema kweli. La pili pia, faida ilikuwepo. Nikatia alama swali la tatu, nikaandika, "Hana upole na anadhalilisha wenzake," nikatumbukiza, nikarudi kukunja naye kana kwamba mikono yangu ni misafi.

Hiyo ndiyo ilikuwa fomu ya kwanza. Ya pili aliijaza msimamizi mwenyewe. Kipaza alikuwa amemwona msichana mgeni wa kazi anatandaza pindo karibu mno na mapipa, akamwitia, "Mkono!" Msichana akaruka, foronya safi zikamwagika sakafuni. Msichana hakulalamika, alimshukuru. Msimamizi aliyekuwa akipita akaandika: kauli ya ghafla, si ya upole. Akamwita Kipaza ofisini na kumwambia kwamba iliyobaki ni moja, aende akajifunze kunong'ona kama watu.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Mimi niliumia Jumatano.

Tulikuwa tunalisha pamoja, mimi kulia, yeye kushoto, upande wenye kitufe chekundu cha kusimamisha mashine. Shuka ilikuwa kuukuu, pindo limefumuka, na uzi wake ukajizungusha kwenye vidole vyangu bila mimi kuhisi. Nilikuwa natazama pembe yangu. Niliinua macho kwa sababu nilihisi kwamba Kipaza ameacha kuvuta. Alikuwa ananitazama mkono. Mdomo wake ulifunguka. Ukafungwa. Nikaona kifua chake kikipanda polepole, kama tulivyofundishwa, na nakumbuka nilishangaa kwamba anavuta pumzi katikati ya kazi. Kisha uzi ukakaza.

Kitufe alikipiga, nasikia. Alikipiga kwa ngumi mpaka kikavunjika. Lakini kitufe hakiisimamishi rola papo hapo; kinachofanya hivyo ni kizuizi, nacho kilikuwa kimefungwa kwa tambara. Madaktari wa ghorofa ya tatu walivimalizia vile vidole, nikalazwa juu ya shuka ambayo huenda niliikunja mwenyewe.

Wiki ya tatu waliniita kwenye kikao, nikiwa na bendeji. Walikaa watu watatu wa ofisini, na msimamizi pembeni yao. Alianza yeye. Alisema ajali haina kinga. Nikamwambia hii ilikuwa nayo, mliifunga na tambara. Mwenyekiti akaniomba nivute pumzi. Naapa, aliniomba hivyo, mimi mwenye mkono unaowaka. Nikamwambia pumzi zangu nazihitaji kwa kulia.

Wakamgeukia Kipaza.

"Uliuona ule uzi?"

"Niliuona."

"Wewe unajulikana hapa kwa kelele. Kwa nini siku hiyo hukupiga kelele?"

Kipaza alikuwa ameketi na mikono mapajani, mgongo wima, kama mtoto mbele ya mwalimu. Alijibu kwa sauti ndogo hadi mwandishi wa kikao akamwomba arudie.

"Nilivuta pumzi," alisema. "Nikajiuliza, ni kweli? Ni kweli, uzi umemshika. Nikajiuliza, lina faida? Lina faida. Nilikuwa kwenye swali la tatu."

Hakuna aliyeandika kitu. Msimamizi aliangalia kucha zake, zote kumi.

Yule mwezeshaji alikuja kuniona nyumbani. Alikuwa amesikia, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala. Alikaa ukingoni mwa kiti akaniambia kwamba fundisho halikuwa hivyo. Buddha mwenyewe, alisema, alifundisha kwamba neno la kweli na lenye faida husemwa hata kama linamchukiza anayelisikia, mradi wakati wake umefika. Upole ni kumtakia mtu heri. Kumpigia kelele aliye motoni ni upole.

"Mbona haya hukuyaandika kwenye bango?" nilimuuliza.

"Bango lilikuwa dogo, mwanangu."

"Basi ungeleta kubwa!"

Nilimpigia kelele nyumbani kwangu, mgeni, mtu mzima aliyenizidi umri, na sikumwomba radhi. Alilia. Najua hakustahili zote. Nyingine zilikuwa zangu mwenyewe, na alizibeba bila kujua.

Nilirudi kazini baada ya miezi minne. Kizuizi kipya kinang'aa. Fundi alikifunga kwa alasiri moja, nasikia, na akapata muda wa kunywa chai. Miezi kumi na moja tuliambiwa anakuja, kumbe ni alasiri moja! Msimamizi yupo. Bango lipo. Sanduku lipo chini ya bango, fomu zake zimenyooshwa vizuri. Kipaza yupo, lakini ukiingia leo utauliza kwa nini anaitwa hivyo. Alinipokea kwa kunishika bega, akanipa pembe mbili, tukaanza kukunja. Siku ya kwanza hakusema kitu. Ya pili vilevile. Mjukuu wake nilimuulizia, akaitikia kwa kichwa.

Siku ya tatu nilishindwa. Pembe zilipokutana nikasema, "Fomu ya kwanza niliiandika mimi."

Tukaachana. Alivuta shuka sawasawa, hakulegeza, hakukaza. Tukarudi.

"Najua," alisema.

Shuka nyingine. Mkono wenye vidole vitatu haushiki vizuri, pembe ikanidondoka, nikaiokota.

"Tangu lini?"

"Siku ileile. Walinionyesha. Mwandiko wako naujua."

Tukavuta. Tukakunja. Njia ya kumrudia ilikuwa hatua nne tu na ilinichosha.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijiuliza," alisema. "Kweli, ni kweli. Faida yake sikuiona."

Akarudi nyuma na pembe zake, akanisubiri nivute. Sikuvuta. Nilisimama na shuka mkononi nikimtazama mwanamke aliyejua kwamba nimemchongea, na akaendelea kunilisha habari za mkwe wake, akanigawia chai yake, akasimama upande wa kitufe ili mimi nisimame upande wa dirisha penye hewa. Nilitaka aniparue. Nilitaka ile sauti yake inishukie mbele ya wauguzi wote wa hospitali.

"Nitukane!" nilimwambia. Hakusikia, tulikuwa mbali na mashine zilikuwa zinanguruma. Nikavuta hewa yote ya chumba kile nikapiga kelele kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa. "Nitukane, dada! Nitukane!"

Ilipenya. Yule msichana aligeuka, wa vikaushio wakageuka, mlangoni mtu akasimama na toroli lake. Kipaza alitazama mlangoni kwanza, halafu akatazama sanduku. Akaja mbiombio, akanibandika pembe zake mkononi, akanishika vile vidole vitatu juu ya kitambaa, akaniwekea mdomo sikioni.

"Usipige kelele, mdogo wangu," alininong'oneza. "Utaandikiwa fomu."

Niliutazama uso wake nikitafuta utani. Haukuwepo.