Salfa Haina Homa

Siku bibi yangu alipomzuia mjomba mlangoni naikumbuka vizuri, mwanangu, na mpaka leo nikiisimulia natembea kifua mbele.

Ulikuwa msimu wa baridi, hapahapa Likunja, mikorosho inatoa maua na kila mtu anaipulizia salfa, ile dawa ya unga inayowasha koo. Miezi hiyo kijiji kizima kinakohoa. Ukimuuliza mtu ana nini, atakujibu ni salfa tu, na wewe utaridhika kwa kuwa nawe unakohoa. Kumbe mafua makali yamejificha humohumo, yanapita nyumba kwa nyumba na hakuna anayeyashtukia.

Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, kitovu ndiyo kwanza kimedondoka. Kwetu sisi Wamwera mjomba ndiye mwenye neno kwenye ukoo, na tulikuwa tunamsubiri aje ampakate mtoto, ampe jina. Akaja kutoka shambani, amenawa, amevaa shati safi, anakohoa. Mama akaanza kumtandikia mkeka. Bibi, ambaye ndiye aliyemzaa mjomba huyo, akasimama mlangoni na kumgusa shingoni.

"Salfa haina homa, mwanangu," akamwambia. "Wewe unaumwa. Mtoto hutamshika leo."

Nani alikuwa anathubutu kumzuia mjomba? Wanawake wote tuliinamisha vichwa. Alikasirika, nikajua ataondoka na mtoto abaki bila jina. Hakuondoka. Alikaa uani, mbali na mlango, akalitaja jina kwa sauti iliyokauka, nasi tukaitikia kutoka ndani. Baada ya hapo nyumba yake nzima ililala kwa mafua, yeye mwenyewe akashindwa hata kuinuka anywe uji. Mtoto wangu hakupiga hata chafya. Mjomba alipopona, ndiye aliyetupakia kwenye baiskeli yake kutupeleka kliniki ya Mnero kwa chanjo, na njiani akamtambia kila tuliyekutana naye kwamba mama yake ni mkali kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Basi mwanangu, ukikohoa usikimbilie kuisingizia salfa. Ukiwa na homa, kaa kwako. Kohoa kwenye kiwiko, nawa mikono kwa sabuni, na kikombe chako usipokezane na wenzako. Watoto wamalize chanjo zao zote. Chanjo ya mafua nayo ipo, na hurudiwa kila mwaka kwa kuwa mafua hubadilika. Ukiwa mjamzito au unaishi na mzee, ulizia kituo cha afya kama imefika. Mtoto mchanga hajafikia umri wa kuchanjwa mafua. Anayemkinga ni wewe unayempakata. Na mkubwa akija anakohoa, mwamkie kwa heshima, kisha mpe kiti uani.

Mungu akupe umri mrefu na watoto wenye afya, akupe na moyo wa bibi yangu, ili siku nitakapokuja mimi nakohoa kumwona mjukuu wangu, unizuie mlangoni.