Nilimwitia Rafiki Yangu Mwizi kwa Sababu ya Kindege cha Chuma

Ndugu wa ukurasa huu, jina langu msiliandike. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tisa, nina mke na watoto watatu. Nashona nguo kwenye baraza ya duka moja Mchafukoge, na nimepanga chumba Kariakoo. Shule niliishia darasa la nne, nivumilieni. Swala tano sizikosi. Sisemi hivyo kwa kujisifu, nataka mjue anayewaandikia ni mtu wa namna gani, maana mikono hii ninayotawadhia ina damu ya mtu.

Ilianza kwa furaha tupu. Mwaka juzi mama mmoja wa Kihindi, mteja wangu, aliniletea kaptula za mwanawe nizitoe upindo. Mfukoni nikakuta kindege cha chuma, urefu wa kidole, kizito mkononi, matairi yanazunguka, madirisha yamechorwa moja moja. Nikamrudishia, akacheka. "Kaa nacho, fundi. Mwenyewe siku hizi anataka baiskeli." Wallahi siku ile sikushona la maana. Nakanyaga cherehani kidogo, nakitoa nakitazama, mtu mzima na ndevu zangu. Ndege sijapanda hata siku moja. Nia yangu maisha yote ni kwenda Hijja, na kile kindege niliona kama Mungu ananionyesha njia.

Cha pili nilikipata kwa muuza vyuma chakavu, hakina bawa. Nikampelekea jirani yangu wa chumba cha pili, nitamwita Saidi. Ni mtu wa Lindi, fundi bati, anatengeneza vibatari na ndoo Buguruni. Akakata kopo, akalipinda, akabana bawa jipya. "Hii sasa inaruka, mshona suruali," akaniambia, "ila usipande wewe, una tumbo." Tangu hapo ikawa kazi yetu wawili. Tukitoka swala ya Ijumaa tunapita meza za vitu vikuukuu, tunapekua kama wanawake wanaochagua mchicha. Tukikipata kimoja, njia nzima tunabishana kilibeba mizigo au watu. Vilifika sita. Nikavipanga kwenye ubao, ukuta wa kibla, pua zote zinaelekea Makka. Mke wangu akaniuliza, "Baba Zuhura, unaswali au unasubiri ndege?" Nikacheka tu.

Cha sita ndicho kilikuwa roho yangu. Cheupe, injini nne. Saidi alikuwa akikishika anasema, "Hiki ungenipa mimi." Ni utani, lakini shetani aliniwekea akiba.

Alhamisi moja nilirudi mchana kula. Ubaoni vitano. Nikatoka mlangoni, namwona Saidi anatoka nyumbani mbio mbio, kitu kimekunjwa kwapani. Nikamwita, hakugeuka. Damu ikanipanda kichwani. Nikasimama barazani nikapaza sauti: mwizi, mshikeni huyo wa shati la buluu.

Mnaoishi Kariakoo mnajua neno hilo linafanya nini. Mpagazi mmoja alimtega kwa mkokoteni, akaanguka uso chini. Wakaja wa mikanda, wakaja wa mateke, na muuza nazi mmoja, mtu wa makamo kama mimi, alikuja na jiwe la mizani akampiga nalo usoni, akarudia. Hakuna aliyeuliza kaiba nini. Mmoja akasema, "Mkono ndio unaoiba," wakaushikilia chini, mkokoteni ukapita juu yake na magunia. Nilisikia mifupa. Nilikuwa hatua kumi tu. Saidi, mdomo umejaa damu, akawa anasema, "Mwiteni fundi cherehani wa nyumba ile, ananijua mimi." Alirudia mara tatu. Fundi cherehani nikageuka nikaingia ndani nikafunga mlango.

Mgambo ndio waliomwokoa. Kwapani alikuwa na kikapu kitupu. Sabuni ilikuwa imefika duka la ushirika, alikuwa anawahi foleni.

Mke wangu alirudi kutoka foleni hiyo hiyo, analia kwa aliyoyakuta njiani. Nikamuuliza kindege. Akafungua debe la unga akakitoa. "Nilikificha asubuhi. Ukiwa kwenye swala macho yanakipandia, nimekuona." Mpaka leo hajui nani alipiga ukelele.

Hospitali Saidi alikatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, na jicho moja linaona ukungu. Bati hawezi tena. Anaamini alifananishwa. Anakula kwangu, na kila asubuhi namfunga vifungo vya shati. Juzi alinipa kindege alichokikata kwa bati kwa mkono wa kushoto, kimepinda kama jani kavu. "Cha saba hicho. Usikicheke, rubani wake ana jicho moja."

Sasa kaka yake amekuja kutoka Lindi. Anataka isomwe Halbadiri, kile kisomo cha kumshtakia Mungu mtu asiyejulikana, alaaniwe yeye na kizazi chake. Kitasomwa baada ya Maulidi, chumbani kwangu, kwa kuwa ndiko kusafi. Akaniambia, "Shehe wangu, utuongoze wewe. Wewe ndiye uliyemfaa mdogo wangu." Saidi akamkatiza. "Mimi laana sitaki, kaka. Namtaka tu mtu yule nimuulize aliona nini kwangu." Kaka akasema, "Wewe muulize. Mimi nitamkata."

Nikiongoza kisomo, nawasomea wanangu. Nikikataa, watauliza sababu. Nikisema kweli, huyu kaka hatanii, na Saidi hatakuwa na wa kumlisha. Nimetubu mara nyingi, lakini nikisujudu namsikia anavyoniita pale chini.

Ndugu zangu, Waislamu kwa Wakristo, nishaurini, nifanye nini? Ninapoandika haya yuko nje ya mlango, shati liko wazi kifuani, ananisubiri nikamfunge vifungo.