Sahani ya Abigaël

Maman Gracieuse anakaa Haren, kule pembeni ya Brussels ambako nyumba zinaishia na kelele za ndege zinaanzia. Majirani zake hawaishi kulalamika. Wanaandamana, wanabadilisha vioo vya madirisha, na bado wananuna. Yeye dirisha lake la jikoni liko wazi kidogo mwaka mzima, hata baridi ikiuma. Wenzake wa kanisani, wanaokaa Laeken kwenye utulivu, walimsihi ahame mpaka wakachoka.

"Muniache," aliwajibu. "Miye niko nasikiliza."

Alikuwa akiisikiliza kambi ya ndege za kijeshi ya Melsbroek, ng'ambo ya uwanja wa abiria. Kambi ile imeshabadilisha kazi mara kadhaa. Wajerumani waliijenga wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Walipofukuzwa, wasafiri wa kawaida wakapandia ndege hapo hapo. Baadaye wasafiri wakajengewa kwao upande wa pili, wanajeshi wakabaki na upande huu. Basi, Gracieuse habari hizo hazimhusu hata kidogo. Kwake kambi ilikuwa na kazi moja tu, kumletea mdogo wake Abigaël.

Mwaka 1991, wanajeshi wa Zaire walipopora miji, Gracieuse alikuwa mpishi wa masista wa Kibelgiji huko Bukavu. Ndege ya jeshi la Ubelgiji kutoka kambi hiyo ya Melsbroek, ile nene yenye mapangaboi manne, ikaja kuwachukua masista, nao wakashikilia kwamba mpishi wao lazima aende nao. Abigaël alikuwa nyuma yake, amemshika kitenge. Pale mlangoni mwa ndege, mkono wa mwanajeshi wa Kibelgiji ukapita katikati yao.

"Prochain avion," alisema. Ndege inayofuata. Wala hakusema kwa ubaya.

Mlango wa nyuma ulipoanza kupanda, Gracieuse alipiga kelele: "Abigaël, nitakuwekea chakula!"

Kwao ndivyo ilivyo. Muntu akiwa njiani anawekewa sahani yake, inafunikwa, na hata mwenye njaa haigusi. Vita vikapita Bukavu, vikarudi, vikapita tena. Aliulizia kwa kila aliyetoka huko, asipate kitu. Haikuja habari ya uzima, haikuja ya msiba. Na matanga utayafanyaje, jamani, kwa muntu ambaye hujaambiwa amekufa? Kila jioni alipika, akapakua sahani mbili, moja akaifunika. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini kuogesha wazee wa watu, alikula kile kiporo kikiwa baridi, amesimama. Aliolewa pia. Bwana alivumilia, halafu akachoka kuishi na mgeni asiyefika, akaenda zake.

Mwisho wa 2021 ndege zile kuukuu zilistaafishwa. Zilizokuja badala yake ni kubwa zaidi, nazo zina mapangaboi, ila mlio si ule. Gracieuse alilia jikoni siku alipousikia. Kisha akajipa moyo: ndege ni ndege, bwana, hata hii inaweza kubeba mtu.

Mwaka jana kambi ikafungua mlango kwa majirani. Alivaa kitenge chake kizuri, akaenda. Ndege moja ya zamani ilikuwa imewekwa pembeni, watu wanapanda kupiga picha. Ndani alisimama mzee mcheshi jina lake Rik, aliyewahi kuhudumu humo miaka mingi, akiwatembeza wageni. Aliwaonyesha viti vya nyavu nyekundu, akasimulia walivyokwenda kuokoa watu kila palipowaka moto.

Gracieuse akauliza kwa Kifaransa, kwa heshima zote: "Papa Rik, na wale waliobaki chini, mlikuwa mnawaambia nini?"

"Prochain avion. Kila mahali, hivyo hivyo."

"Na ilikuwa inakuja?"

Rik alicheka kidogo. "Mara nyingine. Sisi wenyewe tulikuwa hatujui, maman. Ilibidi tuseme kitu ili tuweze kufunga mlango."

Mzee alikuwa hana ubaya, na alishageukia wengine. Gracieuse alikaa kwenye kiti cha nyavu mpaka mama mmoja akamwomba apishe watoto wake wapigwe picha.

Jioni alipika sombe, majani ya muhogo, na samaki, akasonga foufou, ugali wa kwao. Mkono ukapakua sahani mbili, maana ulishazoea. Alishika kifuniko, akakitazama, akakirudisha kabatini. Akafunga dirisha. Nyumba ikawa kimya hadi akaogopa.

"Abigaël," alisema, "leo siweki. Unisamehe, mudogo wangu."

Akaisogeza sahani ya mdogo wake, akaila ikiwa bado ya moto, tonge kwa tonge, mpaka ikaisha. Kisha akafungua kitenge, akajifunga kiunoni kama wanavyojifunga kwao kwenye matanga, akaanza kulia kwa sauti, na hakukuwa na mtu wa kumwambia pole.