Mwito Usio na Mwisho

Kornelia wa Ngulyati alitengwa na kijiji kizima kwa kosa la mtu mwingine, na mtu huyo hakukosa usingizi hata wa siku moja. Jambo hili lisemwe mwanzo, kwa kuwa wanaolisimulia mjini Bariadi hupenda kuanzia katikati, pale mzee Magese anapoanguka barabarani, ili msikilizaji asipate nafasi ya kuuliza ni nani aliyebonyeza kitufe.

Kitufe kilibonyezwa na Boniventura, mnunuzi wa pamba. Zamani pamba yote ilinunuliwa na ushirika. Soko lilipofunguliwa wakaja watu binafsi na mizani zao, kila mmoja na namna yake ya kuwavuta wakulima: huyu anagawa kofia, yule anagawa sukari. Boniventura alileta kutoka Mwanza gari lenye vipaza sauti na mashine ya ngoma, kitu kisichozidi ukubwa wa Biblia ya kanisani, chenye safu ya vitufe na taa ndogo juu ya kila kimoja. Hakujua kuitumia. Akamwita Kornelia, mjane aliyepiga kinanda cha kwaya ya parokia na aliyekuwa akiishi na mama yake, Felisita.

Kornelia aliipenda mashine ile kiasi cha kujionea aibu. Kila kitufe kilikuwa hatua moja ya mdundo. Ukikibonyeza, taa inawaka na ngoma italia hapo. Ukikiacha, hapo pana ukimya. Alianza na ngoma kubwa, akaiweka hatua ya kwanza, akaruka mbili, akaiweka tena. Kisha akageukia ngoma ndogo na kuzijaza nafasi zilizobaki kwa uangalifu wa mtu anayedondosha mbegu mashimoni. Mwanga ulikimbia kutoka kushoto kwenda kulia, na ulipofika mwisho ukarudi mwanzo.

"Sasa weka ule wa kwenu," Boniventura alisema. "Ule wa kuitana shambani. Wakiusikia watakuja mbio na pamba zao."

Mwito ule ulikuwa mali ya kundi la kulima la Ngulyati, na mpigaji wake alikuwa Magese peke yake. Kornelia hakuuiba. Alikwenda kwa mzee, akapiga goti, akaomba.

Magese alicheka hadi akakohoa. "Hicho kisanduku kina mkono?"

"Hakina, guku," alijibu, akimwita babu kwa Kisukuma. "Mkono ni wangu."

"Haya, chukua. Lakini raundi mbili, kisha kimya. Unajua mwenyewe."

Alijua, kama alivyojua kila mtoto wa pale. Raundi mbili ni kazi. Ngoma isiyonyamaza ni balaa: ng'ombe wameibwa, nyumba inaungua, mtu anauawa, na kila mwanamume atashika mkuki na kukimbia kuelekea inakolia. Kwa hiyo Kornelia aliupanga mwito ndani ya mashine ukiwa na mwisho wake, akamwonyesha Boniventura.

"Bonyeza hiki tu. Hiki cha pembeni kinazungusha bila kukoma, na huku kwetu ngoma isiyokoma..."

"Kornelia, nimekuita uweke ngoma au uhubiri?"

"Mvumilie, bosi," alidakia Januarius, mpimaji wa mizani. "Mwanakwaya huyo. Bila amina hamalizi."

Asubuhi ya kwanza ya ununuzi, Julai 1996, raundi mbili zililia na wakaja watu wachache. Boniventura akabonyeza kitufe cha pembeni, akafunga mlango wa gari, akaenda kunywa chai na ufunguo wake mfukoni. Kornelia alikuwa kisimani. Alitupa ndoo, akakimbia, akaupiga ule mlango kwa ngumi mpaka ngozi ikachubuka. Ndani, taa zilikuwa zikikimbia na kurudi, zikikimbia na kurudi.

Mashambani watu walimwaga pamba chini wakashika silaha. Magese, ambaye kwa umri wake alikuwa ameruhusiwa kubaki nyumbani, aliinuka pia. Mkewe alimkumbusha kwamba ni kisanduku tu kile. "Yule mtoto hawezi kuizungusha bure," mzee alijibu. "Amevamiwa." Alikimbia kwenda kumwokoa Kornelia. Alianguka kabla ya kufika barabara kuu, na hakuinuka.

Wanaume wenye mikuki walipolizunguka gari, Boniventura alirudi akipangusa midomo. "Aliyeweka ngoma ni huyo," alisema, akamnyooshea kidole.

Kikao kiliongozwa na Mhoja, mwenyekiti wa kundi.

"Sikubonyeza mimi," Kornelia alisema.

"Mwito ulitoka kundini kwa mkono wa nani?"

"Wangu. Lakini Magese aliniruhusu."

"Basi tumwite Magese atuambie," alisema Mhoja, na wapo waliocheka.

Boniventura hakuitwa. Hakuwa mwanachama, na pamba ilikuwa bado majumbani. Juma lililofuata waamuzi wale wale walijipanga foleni mbele ya mizani yake. Kornelia na nyumba yake wakatengwa: asisalimiwe, asipewe moto, asichote maji mbele ya watu, asizikiwe maiti. Atakayevunja amri atatoa ng'ombe.

Felisita alikufa katika mvua za mwaka 1999. Katekista alikuja akasoma sala, kwa kuwa kanisa halikuweza kuzuiwa, lakini jembe hakuligusa, kwa kuwa na yeye alikuwa na ng'ombe. Kornelia alichimba peke yake katika udongo uliokuwa ukimomonyoka na kurudi shimoni. Alimvuta mama yake juu ya mkeka. Majirani walikaa vibarazani wakitazama, na hakuna aliyeona haya kiasi cha kuingia ndani.

Miaka minne baadaye Boniventura aliacha biashara ya pamba, na kundi, lililokosa mpigaji tangu Magese afe, likainunua mashine yake. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa imefutika. Mhoja alikuja na wenzake wawili, wakasimama uani kwa Kornelia, na kwa kuwa kumsemesha kulikuwa kosa, mwenyekiti alimgeukia mbuzi aliyefungwa hapo.

"Mwangaluka, mbuzi," alimwamkia kwa Kisukuma. "Mwambie mwenye nyumba kwamba tuna mashine, na mashine ni bubu."

"Mbuzi," Kornelia alisema, "mwulize mwenyekiti kama adhabu yangu inaondolewa."

"Mwambie afanye kazi kwanza. Kikao kitaona."

"Mbuzi huyu anamshinda katibu wetu," alinong'ona mmoja wao, na mwenzake akauma midomo asicheke.

Waliiweka mashine chini, wakarudi nyuma. Kornelia aliipakata. Miaka yote ile hakuna mkono uliokuwa umeushika wake, na alitaka kusalimiwa kuliko alivyotaka kula. Aliziwasha hatua moja moja, akaweka raundi mbili, akaweka mwisho. Kisha akaking'oa kitufe cha pembeni kwa ncha ya kisu. Alipoipiga, ulisikika mkono wa Magese. Mhoja aliichukua bila kushukuru, maana shukrani nayo ni salamu.

Kikao kilikaa Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2003. Tangu siku hiyo ni marufuku Ngulyati kupiga mwito kwa mashine zaidi ya raundi mbili, na anayekaidi hutoa ng'ombe. Adhabu ya Kornelia haikuwa kwenye ajenda, na haijaondolewa.